Kitenzi na Mkia Wake

Kiingereza kina desturi ya kukibebesha kitenzi kifupi maana nyingi kwa kukifungia nyuma yake neno dogo, ama kielezi, yaani neno linalofafanua tendo lilivyofanyika au lilikoelekea, ama kihusishi, yaani neno linaloliunganisha tendo na kitu kingine kama yafanyavyo "kwa" na "katika", na maneno hayo yakishafungwa pamoja huzaa maana mpya ambayo mara nyingi haipatikani kwa kuyajumlisha. "Put" peke yake ni kuweka. Lakini "put on" ni kuvaa, "put out" ni kuzima moto, "put off" ni kuahirisha, na "put up with", yenye vineno viwili nyuma, ni kuvumilia. Kiswahili kimehitaji vitenzi vinne visivyo na undugu wowote, kimoja kikiwa na asili ya Kiarabu, ili kuyasema ambayo Kiingereza kinayasema kwa kitenzi kimoja na vineno vya kubadilishana. Katika sura hii muungano wa namna hiyo utaitwa kitenzi chenye mkia, na kineno kinachofuata kitaitwa mkia. Majina hayo si ya vitabu vya sarufi, lakini yanamwonyesha msomaji mahali pa kutazama, na shida yote ya vitenzi hivi inatokana na kutazama pasipo penyewe.

Tofauti ya lugha hizi mbili inadhihirika upesi katika mambo ya usafiri. Nzuguni, kata iliyo mashariki ya jiji la Dodoma kwenye barabara kuu itokayo Dar es Salaam kupitia Morogoro, ndiko kilipo kituo kikuu cha mabasi cha jiji, jirani na Soko Kuu la Job Ndugai, na viwanja vya maonyesho ya Nanenane navyo vimo humo humo. Ni mahali ambapo vitenzi vya kupanda, kushuka, kupakia na kupakua husikika kutwa kucha. Abiria anayemwambia kondakta "nashuka Nzuguni" ametumia maneno mawili na amemaliza. Kiingereza cha kawaida kinamtaka aseme "I am getting off at Nzuguni", maneno sita, na kati ya hayo sita "off" na "at" hayana mwenzake katika sentensi ya Kiswahili. Wazo la kuachana na chombo, ambalo Kiingereza kimelikabidhi kwa "off", limo tumboni mwa kitenzi "shuka". Na "at" haihitajiki kwa kuwa jina la mahali katika Kiswahili linajitosheleza, kiasi kwamba mtu huenda Nzuguni, hulala Nzuguni na hutoka Nzuguni bila jina hilo kuongezewa chochote, hali Kiingereza kingedai "to", "in" na "from" kwa zamu.

Mwanaisimu wa Marekani Leonard Talmy, katika kazi yake iliyojulikana sana ya mwaka 1985, aliziangalia lugha za dunia kwa swali moja: je, njia ambayo kitu kinapita, iwe ni kuingia, kutoka, kupanda au kuvuka, husemwa na kitenzi chenyewe au na neno lililo pembeni yake? Kihispania huisema kwa kitenzi, Kijerumani na Kiingereza huiweka pembeni, na kwa kipimo hicho Kiswahili kimekaa upande wa Kihispania. Katika sentensi "mtoto alitoka mbio", kitenzi kimesema njia, na neno lililofuata limesema namna. Katika "the child ran out", kitenzi kimesema namna, na mkia ndio uliosema njia. Sentensi hizo mbili zimepeana mgongo. Msomaji aliyelelewa na Kiswahili, ambaye tangu utotoni amezoea kuipata habari kuu ndani ya kitenzi na kulichukulia neno la nyuma kuwa nyongeza, hukishika "ran" kwa mikono miwili na kuiachia "out" ipite, kisha hushangaa kwamba maneno yote alikuwa anayajua na bado sentensi haikufunguka.

Waingereza wenyewe hawakuanza hivyo. Kiingereza cha kale kilikuwa na viambishi vilivyobandikwa mbele ya kitenzi, na mabaki yake yangali yanaonekana katika maneno kama "forgive" na "overtake". Taratibu viambishi hivyo vikadhoofika na vineno vya nyuma vikachukua kazi yao, huku maneno mengi ya Kifaransa yakiingia baada ya Wanormani kuitawala nchi mwaka 1066 na kuzipatia shughuli za mahakama, kanisa na serikali vitenzi vyake vya heshima. Ndiyo maana Kiingereza cha leo kina seti mbili sambamba, "postpone" kwa waraka na "put off" kwa mazungumzo, "tolerate" kwa kitabu na "put up with" kwa jikoni. Samuel Johnson, alipochapisha kamusi yake mwaka 1755, alikwisha kutanguliza angalizo kwamba hakuna jambo linalowatesa wageni katika lugha hiyo kuliko miungano hii. Jina lake la kitaalamu kwa Kiingereza, "phrasal verb", ambalo sasa liko katika kila kitabu cha mazoezi, lilichelewa sana kuja: Logan Pearsall Smith alilitia katika kitabu chake cha mwaka 1925 akieleza kwamba alipendekezewa na Henry Bradley, mmoja wa wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford.

Inasemwa mara kwa mara, na hata walimu hulisema, kwamba Kiswahili hakina kitu cha kulinganisha na vitenzi hivi. Kauli hiyo si sahihi, na inamnyima mwanafunzi nyenzo ambayo tayari anayo. Kinachofanywa na mkia katika Kiingereza, Kiswahili hukifanya kwa mnyambuliko, yaani kwa kurefusha mzizi wa kitenzi kwa viambishi vya mwishoni, na hakuna mnyambuliko unaofanana zaidi na mkia kuliko kauli ya kutendea inaporudiwa. "Enda" huzaa "endea", na "endea" ikirefushwa tena huzaa "endelea", ambayo si kwenda mahali popote bali ni kutokoma, sawasawa na Mwingereza anavyochukua "go" akaitia "on" nyuma. "Fuata" huzaa "fuatilia", ambayo ndiyo "follow up" ya maofisini. "Shika" huzaa "shikilia", na Kiingereza kina "hold on". "Ingia" huzaa "ingilia", na mtu anayeingilia mazungumzo ya watu anaelezwa kwa Kiingereza kwa "break in" au "cut in". Katika kila jozi kuna kitenzi cha mwendo au cha mkono, na kuna kipande kilichoongezwa nyuma kikakigeuza kuwa kitenzi cha nia au cha mahusiano. Tofauti iliyopo ni ya mwandiko na matamshi zaidi kuliko ya fikra: Kiswahili kimeugandisha mkia ukawa sehemu ya mwili, Kiingereza kimeuacha ukining'inia.

Kauli ya kutendua, ile inayorudisha nyuma kilichofanywa, nayo ina sehemu yake katika hesabu hii. Mkulima wa nyanda za kati anayeanika mtama asubuhi na kuuanua mawingu yanapotanda ametumia mzizi mmoja wenye miisho miwili. Kiingereza kingesema "spread out" kwa la kwanza na "take in" kwa la pili, vitenzi viwili tofauti, kila kimoja na mkia wake. Hali ni hiyo hiyo kwa "vaa" na "vua", ambazo ni "put on" na "take off", na kwa "chomeka" na "chomoa", maneno yanayosikika popote palipo na chaja ya simu na soketi ya umeme. Ila mfumo hauendi sawa mpaka mwisho, kwani umeme huohuo ambao Kiingereza kinauwasha na kuuzima kwa kitenzi kimoja, "switch on" na "switch off", Kiswahili kimeutengea vitenzi viwili visivyofanana hata silabi. Anayetafuta kanuni moja ya kubadilisha kila mkia kuwa kiambishi hataipata.

Mkia ulio mgumu kuliko yote ni "up", kwa sababu mara nyingi hausemi habari ya kwenda juu hata kidogo bali unasema kwamba tendo limefika ukomo wake: "drink up" ni kunywa mpaka tone la mwisho, "fill up" ni kujaza pasibaki nafasi, "dry up" ni kukauka kabisa. Kiswahili kina njia yake ya kusema ukomo, na njia hiyo ni viigizi, au tanakali za sauti, maneno yanayoandamana na kitenzi ili kulitia tendo uzito: basi hujaa pomoni, mtu hulowa chapachapa, mkaidi hukataa katakata. Hapa Kiswahili kina mkia halisi, unaosimama peke yake nyuma ya kitenzi kama wa Kiingereza, lakini kila kiigizi kimeoa kitenzi chake na hakitoki nje; hakuna anayesema kwamba basi limejaa chapachapa. "Up" ni kinyume chake, ni kibarua wa kila shamba. Pengine hiyo ndiyo sababu wanafunzi huiona haina maana yoyote na kuiacha.

Kuachwa huko kumekuwa sehemu ya Kiingereza cha Afrika Mashariki kwa kiasi cha kuingia katika vitabu. Josef Schmied, mtaalamu wa Kijerumani aliyeandika juu ya Kiingereza cha Afrika mwaka 1991 na ambaye baadaye aliongoza ukusanyaji wa matini za Kiingereza cha Kenya na Tanzania, alionyesha kwamba wasemaji wa huku hupunguza mkia pale Mwingereza anapouweka. Mfano maarufu ni "pick". Mtu wa Nzuguni anayetaka kufuatwa kituoni humwambia mwenzake "nipitie saa kumi na mbili", ambapo "pitia" ni "pita" iliyokwisha kunyambuliwa na kubeba kila kitu: kupita, kumkusudia mtu, na kuondoka naye. Akiandika kwa Kiingereza huandika "pick me at the stand", kwa kuwa kwake kitenzi kimoja lazima kiwe kimetosha. Masikioni mwa Mwingereza bila "up" sentensi hiyo inakaribia kusema "nichague mimi kituoni", kama kwamba kuna timu inayopangwa.

Upande wa pili kuna mkia unaoongezwa usipohitajika, na huu huwachanganya watu, kwa sababu inaonekana ajabu kwamba msemaji yuleyule anayeutupa mkia leo anauchomeka kesho. Ajabu hiyo hupungua mtu akisikiliza Kiswahili kinavyosemwa mitaani badala ya kinavyofundishwa. Huambiwa "ingia ndani", "toka nje", "panda juu", "shuka chini", "rudi nyuma", ingawa kuingia hakuwezi kuwa kwa nje wala kushuka hakuwezi kuwa kwa juu. Walimu wa Kiswahili hulikemea jambo hilo, na wanafunzi huendelea nalo kwa kuwa lina kazi, nayo ni kusisitiza. Aliyezoea "rudi nyuma" na "ingia ndani" hana sababu ya kuona kasoro katika "return back" na "enter inside". Kuhusu "discuss about", ambayo nayo hulaumiwa sana, haki inataka isemwe kwamba si Kiswahili peke yake kinachohusika: Kiingereza chenyewe kina "talk about", "speak about" na "think about", na mtu anayeipatia "discuss" mkia uleule amefuata mantiki kwa uaminifu kuliko lugha ilivyojifuata.

Palipo na mashaka, watu hukwepa. Mwaka 1985 Menachem Dagut na Batia Laufer walichapisha utafiti juu ya wanafunzi wasemao Kiebrania, lugha isiyo na vitenzi vya namna hii, wakaona kwamba wakipewa nafasi ya kuchagua hupendelea kitenzi kimoja kizima kuliko kitenzi chenye mkia. Kukwepa huko ni rahisi kukutambua Tanzania, ambako shule za msingi za umma hufundisha kwa Kiswahili na Kiingereza kikiwa somo, kisha mwanafunzi akifika kidato cha kwanza masomo karibu yote humgeukia kwa Kiingereza cha vitabu. Kiingereza hicho cha jiografia na baiolojia ni cha "continue", "extinguish", "postpone" na "investigate", vitenzi vya neno moja ambavyo kwa umbo vinamkumbusha "endelea", "zima", "ahirisha" na "chunguza". Matokeo yake ni kwamba kijana aliyefaulu vizuri anaweza kuusoma mkataba bila kukwama, halafu akakwama kwenye filamu, mahali ambapo hakuna anayeongea kwa "extinguish". Kosa si lake. Amefundishwa lugha kuanzia darini kushuka chini, na sebuleni hajafika.

Kuna jambo moja la mpangilio wa maneno ambalo vitabu huligeuza kuwa kanuni ya kukariri ilhali Kiswahili kinaweza kulieleza kwa sentensi moja. Mwingereza anaweza kusema "pick up the guest" au "pick the guest up", lakini akitumia kiwakilishi badala ya jina hana hiari tena. Ni lazima aseme "pick him up", na "pick up him" inakataliwa. Katika "mchukue mgeni" jina limekaa nje ya kitenzi, ila kile kinachomwakilisha mgeni, "m", kimo ndani, na hakuna namna ya kukitoa. Kiwakilishi cha Kiingereza nacho huingia ndani, katikati ya kitenzi na mkia wake, kwa sababu hivyo viwili ni mwili mmoja. Mwanafunzi aliyeonyeshwa ufanano huo, hata kama asili za kanuni hizo mbili hazihusiani, hukosea mara chache kuliko aliyepewa orodha.

Kanuni hiyo pia hutenganisha mkia wa kielezi na mkia wa kihusishi, ambao kwa macho ni kitu kimoja. Dereva anayeiacha barabara kuu ili aingie kituoni Nzuguni anaweza kuelezwa kwa "turn off the road", na akisimama akazima injini ataelezwa kwa "turn off the engine". Injini inaweza kuingia katikati, "turn the engine off", na ikiwakilishwa ni lazima iingie, "turn it off". Barabara haiingii: "turn the road off" ingekuwa ni kuizima barabara. Katika sentensi ya kwanza "off" ni kihusishi kilichoshikamana na barabara, katika ya pili ni kielezi kilichoshikamana na kitenzi, na sauti nayo hutoa ushahidi, kwani katika usemaji wa kawaida "off" ya injini hutamkwa kwa mkazo zaidi kuliko ile ya barabara.

Kuhusu namna ya kujifunza, desturi ya kuandika "get" juu ya ukurasa na kupanga chini yake mikia kumi na mitano pamoja na tafsiri zake ina manufaa kwa mtunga kamusi na madhara kwa mwanafunzi, maana inamlazimisha akumbuke kwa pamoja vitu vinavyofanana sura na kuachana maana. Hakuna mtoto wa Kiswahili aliyejifunza "piga" kwa njia hiyo. Watu hupiga simu, hupiga pasi, hupiga picha, hupiga mswaki, hupiga deki na hupiga chafya, na katika hayo yote hakuna kipigo; kila kimoja kimeingia kichwani kikiwa kizima, siku ya kazi yake. "Onea" ni mfano mkali zaidi, kwa sababu mtu anayemwonea mwenzake amemdhulumu, anayemwonea huruma amemsikitikia, na anayemwonea wivu amemtamania alichonacho, na tofauti kati ya dhuluma na huruma imebebwa yote na neno moja lililofuata. Anayeyamudu hayo bila kufikiri hawezi kudaiwa kwamba hana kipaji cha "look after" na "look down on", ambazo ni kumtunza mtu na kumdharau.

Wakati shule zikihangaika na mikia hiyo, Kiswahili cha mitaani kimekwisha kuichukua mingine bila kuomba ruhusa, na kimeichukua kwa masharti yake. Kilichoingia ni nomino, si kitenzi: pikapu, mekapu, chekapu, bekapu, pushapu. Ndani ya maneno hayo "up" imeganda ikawa silabi mbili za mwisho, haitenganishwi na haibadilishwi, na inapohitajika kutenda hukodiwa kitenzi cha kienyeji, mtu akafanya chekapu au akapiga pushapu. "Off" imepata bahati ya kusimama peke yake, na mlinzi asiye zamu leo yuko ofu. Kati ya yote, lililosafiri mbali zaidi ni "breakdown", ambalo kwa Kiingereza ni jina la kuharibika kwa gari. Lori linapokwama barabarani kuelekea Nzuguni, watu hawasemi kwamba limepata brekidauni. Husema limeharibika, na brekidauni ndilo gari lenye winchi linaloitwa kuja kulivuta.